Daftari la Mema: Zaburi ya 103 na Maisha Yetu ya Kila Siku

(Mazungumzo ya mlezi wa kikundi, siku ya kuadhimisha miaka kumi)

 

Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi siyo mchezo. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kufa kabla ya mgawo wa pili. Pili, nawashukuru viongozi kwa heshima mliyonipa. Katibu aliniomba nizungumze neno la kuwatia moyo akina mama, akasisitiza liwe neno la kutumika nyumbani, siyo la kushangilia hapa na kulisahau getini. Nimelipokea agizo hilo. Kwa hiyo leo sitawapeleka huku na huku ndani ya Maandiko. Nimechagua zaburi moja tu, Zaburi ya 103.

Anayezungumza na nafsi yake

Zaburi hii ina mistari 22, na kichwa chake kinamtaja Daudi. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kwamba Nabii Daudi alipewa Zaburi. Basi naamini hapa leo hakuna atakayejiona mgeni.

Sasa naomba tutazame jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Zaburi nyingi ni maombi. Mtu analia: nisaidie, nisikie, niokoe na adui zangu. Lakini katika hii ya 103, soma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hutakuta ombi hata moja. Hakuna anachoomba. Tena hamwambii Mungu moja kwa moja. Anaiambia nafsi yake mwenyewe. Anaishika bega, kama mama anavyomshika mtoto anayetazama pembeni, anaiambia: wewe, sikiliza, mshukuru Mungu, wala usiyasahau mema aliyokutendea.

Na hilo neno nafsi, katika Kiebrania ni nefesh. Ni neno pana. Ni uhai, ni mtu mzima mzima, na mahali pengine lina maana ya koo, hili koo linalokauka kwa kiu na kumeza ugali. Kwa hiyo mwimbaji hazungumzi na kitu fulani cha rohoni kilichojificha mbali. Anazungumza na yule anayeona njaa, anayechoka, anayeshindwa kulala akiwaza ada ya mtoto. Huyo ndiye anayeambiwa akumbuke.

Kwa nini aambiwe? Kwa sababu nafsi haikumbuki mema yenyewe tu. Ukiiacha, itakumbuka mabaya. Jamani, si ndivyo tulivyo? Jirani akikusaidia mara tisa na kukukatalia mara moja, ile moja ndiyo utakayoisimulia kisimani. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Walimsema punda, lakini nadhani walikuwa wanatutazama sisi.

Hesabu isiyoandikwa hupotea

Nyinyi akina mama mnalijua jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu ya kazi ya kikundi. Hapa kila mkutano tunafungua sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali. Tunahesabu mbele ya wote. Hisa zinagongwa mihuri, marejesho yanaandikwa, mfuko wa jamii unatajwa kwa sauti. Hakuna anayesema "tutakumbuka tu." Pesa isiyoandikwa huzaa ugomvi.

Lakini mnajua mtindo huu wa kuweka na kukopa ulitoka wapi? Ulianza nchi ya Niger, mkoa wa Maradi, mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Waliwekaje hesabu? Kwa kumbukumbu. Katika mkutano walitaja hesabu kwa sauti, wote wakasikia, wote wakashika. Mkutano uliofuata walianza kwa kuulizana: mara ya mwisho sanduku lilikuwa na kiasi gani? Aliyesahau alikumbushwa na mwenzake. Hesabu ikalindwa na midomo na masikio ya akina mama.

Zaburi ya 103 inafanya kazi ile ile. Ni hesabu inayotajwa kwa sauti ili isipotee. Mwimbaji anafungua sanduku la maisha yake, anatoa kimoja kimoja, anakitaja. Hiyo ndiyo siri ya kutiwa moyo kila siku, na ndilo jambo moja ninaloomba mliondoke nalo hapa. Moyo wetu hautiwi nguvu kwa kusubiri jema jipya lidondoke kutoka mbinguni kila asubuhi. Unatiwa nguvu kwa kutolisahau lile lililokwisha kuja.

Mema matano

Mstari wa tatu hadi wa tano anataja mambo matano: Mungu husamehe, huponya, hukomboa, huvika taji, hushibisha. Naomba nigusie mawili.

La kwanza ni kukomboa. Kwa Waebrania lilikuwa neno la familia na la mali. Mtu akiishiwa hata akauza shamba la urithi, ndugu yake wa karibu alikuwa na haki ya kulilipia ili lirudi katika ukoo. Sheria hiyo imo katika Walawi sura ya 25. Ndugu huyo ndiye aliyeitwa mkombozi. Akina mama, siku hizi mitaani kuna mikopo inayoitwa kausha damu. Jina lenyewe linajieleza. Mama anachukua pesa asubuhi, jioni anafuatwa, wiki ya tatu friji imebebwa, kitanda kimebebwa. Wapo hapa wanaojua maana ya kutolewa katika shimo hilo kwa mkopo wa kikundi. Kwa hiyo mwimbaji anaposema Mungu anaukomboa uhai na shimo, haimaanishi kaburi tu. Anamsema Mungu kama ndugu wa karibu anayekuja na fedha mkononi na kusema: huyu ni wa kwetu, nimekuja kumlipia.

La pili ni ule mfano wa tai. Mwimbaji anasema ujana wetu hufanywa upya kama wa tai. Nimesikia mara nyingi, hata mimbarani, kwamba tai akifika miaka arobaini hupanda mlimani, akavunja mdomo wake kwenye jiwe, akang'oa kucha na manyoya, akakaa miezi mitano bila kula hadi yaote mapya. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Tai akivunja mdomo atakufa kwa njaa. Ukweli ni kwamba tai hubadilisha manyoya kidogo kidogo. Moja linaanguka, lingine linaota mahali pake, na wakati huo wote anaendelea kuruka na kuwinda. Mbawa nzima inaweza kuchukua zaidi ya mwaka kubadilika.

Mimi naona ukweli huo unatufaa zaidi kuliko ile hadithi. Ni mama gani hapa anayeweza kukaa mlimani miezi mitano? Watoto wangekula nini? Mungu anatufanya upya huku tunafanya kazi, unyoya kwa unyoya. Leo umelala saa sita kamili baada ya wiki ya kukesha: unyoya mmoja. Kesho mtoto amepona homa: unyoya mwingine. Ukitafuta badiliko la siku moja hutaliona. Ukitazama nyuma mwaka mzima, utashangaa kwamba bado unaruka.

Na wale waliozika?

Hapa najua kuna anayeniuliza kimoyomoyo: mlezi, unasoma kwamba Mungu huponya magonjwa yote, mbona wangu hakupona?

Mimi nimekuwa muuguzi hadi nilipostaafu. Nimeona watoto wakirudi nyumbani wakicheka, na nimefunga macho ya wengine kwa mkono huu. Kwa hiyo swali hilo silikwepi. Wala sitasimama hapa kumwambia mama aliyezika kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Atakayekuambia hivyo, mjibu kwa adabu, kisha nenda zako.

Ninachowaambia ni hiki. Daudi anayetajwa katika kichwa cha zaburi hii alizika mtoto. Kitabu cha pili cha Samweli kinaeleza jinsi alivyolala chini sakafuni siku saba akifunga na kuomba, na mtoto akafa. Na zaburi yenyewe haifichi kifo. Mstari wa 15 na wa 16 unasema mwanadamu ni kama majani na kama ua la kondeni. Upepo ukipita, halipo, hata mahali pake hapalijui tena. Ni maneno mazito. Aliyeyaandika hakuwa mtu aliyekuwa hajaona msiba.

Ila baada ya hapo anaendelea. Anasema wema wa Mungu hauishi pale upepo ulipopita. Ulikuwapo kabla, upo baadaye, unawafikia hata watoto wa watoto. Basi kumbuka msiba wako, lia, hakuna anayekukataza. Lakini usiuache msiba ukafuta kurasa zote nyingine. Yule mtoto uliyemzika, miaka aliyoishi ilikuwa ya nani? Kicheko chake kilikuwa cha nani? Hicho nacho kiandikwe katika mema. Kifo kimechukua kesho yake, lakini hakiwezi kuichukua jana.

Sisi ni udongo, naye analijua hilo

Sasa twende mstari wa 13 na wa 14. Anasema kama baba anavyowahurumia watoto wake, ndivyo Mungu anavyotuhurumia. Kisha anatoa sababu: kwa kuwa anajua tulivyoumbwa, anakumbuka kwamba tu mavumbi.

Kitenzi cha Kiebrania cha kuhurumia kilichotumika hapo kina mzizi mmoja na neno linalomaanisha tumbo la uzazi. Na sisi Waswahili tunalo! Neno letu rehema limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu vile vile mzizi wake ndio wa neno la tumbo la uzazi. Mwislamu anapoanza jambo kwa kumtaja Mungu kuwa ni Rahmani na Rahimu, anatamka mzizi huo huo. Kwa hiyo mstari unasema baba, lakini huruma anayopewa huyo baba ina harufu ya mama. Ni huruma ya aliyembeba mtu kabla hajawa na jina.

Na lile neno la kuumbwa ni neno la mfinyanzi. Mzizi wake ndio uliotumika katika Mwanzo sura ya 2, Mungu alipomfinyanga mtu kwa mavumbi. Akina mama wa Kikisi kule Ikombe na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu ambavyo wengi wetu tumepikia maharage. Mfinyanzi hashangai chungu kikipata ufa. Anaujua udongo wake. Anajua kiasi gani cha moto kinaweza kukivumilia, na kwamba ukikitupa chini hakitadunda kama mpira. Atakishika kwa jinsi kilivyo.

Mama, wewe unajilaumu kwa kuchoka. Unajilaumu kwamba hukuweza kumwuguza mama mkwe, kuuza gengeni, kusimamia masomo ya watoto na kuhudhuria kwaya yote kwa siku moja. Mungu hakuwahi kudhani wewe ni chuma. Alikufinyanga mwenyewe. Anajua.

Haki nayo ni mojawapo ya mema

Msiruke mstari wa sita. Unasema Mungu hutenda haki kwa wote wanaoonewa. Wema wa Mungu siyo kufarijiwa tu. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, ukimwambia avumilie tu, hujamsomea zaburi hii yote. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo tukimsindikiza mwenzetu hadi baraza la ardhi, tukakaa naye kwenye benchi, na hiyo pia ni kuimba Zaburi ya 103.

Viti vilivyo wazi

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo ingekuwa rahisi nisifike siku ya sherehe. Lakini mimi ni mlezi wenu, na mlezi halei kwa kusifia peke yake.

Tukitazama picha ya mwaka wa kwanza, iliyochapishwa ndani ya kijitabu hiki, kuna nyuso ambazo leo hazipo. Wengine wamehama, wengine wametangulia mbele za haki. Lakini wapo ambao wanaishi mtaa huu huu, na wakituona sokoni wanapita njia ya nyuma. Walichukua mkopo, biashara ikaanguka, marejesho yakakwama. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwezi Machi 2020, aliyekuwa anauza vitumbua kwa wanafunzi angemuuzia nani? Hawakufukuzwa na mtu. Aibu ndiyo iliyowafukuza.

Zaburi inasema nini? Mistari ya nane hadi ya kumi inasema Mungu si mwepesi wa hasira, hashitaki siku zote, wala hatutendei sawasawa na makosa yetu. Kisha katika mstari wa 12 inasema ameyaweka makosa yetu mbali nasi, umbali wa mashariki na magharibi. Sasa sisi tuliotendewa hivyo tutamtendeaje mwenzetu aliyekwama?

Naomba nieleweke vizuri, hasa na mweka hazina, maana naona ameshaanza kunitazama. Sisemi daftari lifutwe. Pesa iliyomo sandukuni siyo yangu wala ya mwenyekiti. Ni ya mjane aliyeweka hisa moja moja kwa kuuza mchicha. Mimi sina haki ya kuonyesha ukarimu kwa fedha ya mjane. Mungu anaposamehe, gharama ni yake mwenyewe. Sisi tukimsamehe mtu fedha ya kikundi bila wote kukubali, tumemwibia mwingine na kuiita rehema. Deni ni deni, na katiba yetu ni katiba.

Lakini mtu siyo deni lake. Hapo ndipo zaburi inapotufundisha. Daftari linaandika kiasi kilichobaki. Haliandiki kwamba fulani ni mwongo, ni mzembe, hafai kukaa nasi. Maneno hayo tunayaandika sisi kwa midomo.

Mama mmoja wa kikundi hiki ameniruhusu nimseme bila jina. Alikopa kununua nyanya. Gari likaharibika njiani siku mbili, nyanya zikaoza zote. Akaacha kuja mikutanoni. Wakaondoka akina mama watatu kwenda kwake. Hawakubeba daftari. Walibeba kilo mbili za unga na sabuni, wakakaa, wakala naye. Hawakulitaja deni hadi yeye mwenyewe alipolitaja, akilia. Ndipo wakamwambia: rudi, tutaliongelea mkutanoni, utalipa kidogo kidogo. Mkutano ulikubali kumwongezea muda. Amelipa lote, mpaka shilingi ya mwisho. Na ufunguo mmoja kati ya zile tatu za sanduku letu, leo hii unashikwa na yeye.

Sasa niambieni, kikundi kilipata hasara au faida? Tungekuwa na pesa ile ile, kwa faini na kwa kubeba vitu vyake, lakini tungempoteza mtunza ufunguo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kikundi katika siku hii ya miaka kumi ni moja. Kabla mzunguko mpya haujaanza, kila mmoja wetu achague jina moja kati ya wale ambao hawapo, na twende wawili wawili, tuwatembelee. Tusiende kudai. Twende kusalimia. Yatakayofuata kuhusu deni yatafuata katika mkutano, kwa utaratibu wa katiba. Na kama katika kijitabu hiki unasoma maneno haya na wewe ndiye mmoja wao, mwanangu, dada yangu, kiti chako kipo.

Namna ya kuitumia zaburi wiki nzima

Nimeahidi neno la kutumika nyumbani. Mistari 22 siyo mingi, na siku za wiki ni saba. Mimi huigawa hivi:

Jumapili, mstari wa 1 na 2: kuikumbusha nafsi isisahau.
Jumatatu, 3 hadi 5: yale mema matano. Chagua moja uliloliona wiki iliyopita.
Jumanne, 6 na 7: haki. Uliza ni nani karibu yangu anaonewa?
Jumatano, 8 hadi 10: Mungu asiye mwepesi wa hasira. Siku hii chunga ulimi, hasa kwa watoto na wakwe.
Alhamisi, 11 hadi 14: urefu wa mbingu, umbali wa mashariki na magharibi, huruma ya mzazi, na udongo wetu.
Ijumaa, 15 hadi 18: majani, upepo, na wema unaowafikia wajukuu.
Jumamosi, 19 hadi 22: malaika na viumbe vyote wanaalikwa kusifu, na mwisho anairudia nafsi yake mwenyewe, kama alivyoanza.

Soma asubuhi wakati maji ya chai yanachemka. Dakika mbili zinatosha. Soma kwa sauti, kwa sababu nafsi nayo ina masikio. Watoto wakisikia, ni faida juu ya faida.

Na jioni uwe na daftari la pili. La kwanza ni la hisa, hili ni la mema. Daftari la shule la bei ndogo linatosha. Andika mstari mmoja tu: tarehe, jambo jema la leo, na mkono uliolileta. Usiandike "Mungu ni mwema" halafu ukafunga. Hiyo ni kama kuandika "pesa ziliingia" bila kusema kiasi gani. Andika: "Leo dereva wa bajaji amenirudishia chenji niliyoisahau." "Leo binti amefua bila kuambiwa." "Leo mvua imenyesha usiku, mahindi yamesimama." Asiyejua kuandika amwambie mjukuu amwandikie, au atie punje moja ya haragwe katika kopo kila jioni, na akitia aseme ni ya nini. Mwisho wa mwezi amwage kopo mezani mbele ya watoto. Akina mama wa Maradi walituonyesha kwamba hesabu hushikwa hata bila kalamu.

Zitakuja siku ambazo hutakuwa na la kuandika. Siku hiyo fungua kurasa za nyuma, usome. Mweka hazina hana mapato kila siku, lakini akiulizwa kama sanduku ni tupu, anafungua daftari na kuonyesha kilichomo. Wewe pia shetani akikuambia Mungu amekuacha, usibishane naye kwa maneno matupu. Mfungulie daftari.

Kwa hayo machache, naomba niishie hapa. Nawapongeza waanzilishi, nawapongeza viongozi wa sasa, na nawapongeza hasa wale ambao hawajawahi kuwa viongozi lakini wameweka hisa yao kila mkutano, mvua na jua, kwa miaka kumi. Mungu aliyewahesabia mema mengi namna hii awajalie kumbukumbu njema, na miaka kumi mingine ituone tukiwa wengi kuliko leo, na wale waliopotea njiani wakiwa wamekaa katikati yetu.

 Mungu awabariki, Mungu akibariki kikundi chetu.